Lambo la Adija Halifukiwi

Shamba la Adija lilifagiliwa kuliko nyumba za watu wengine. Hilo halikuwa siri pale Fukayosi. Kila asubuhi, baada ya chai, Adija alichukua ufagio wake wa chelewa akaingia chini ya michungwa. Alifagia shina hadi shina. Jani likianguka, aliliokota kabla halijatulia. Nyasi ikichomoza, aliing'oa. Taka zote alizikusanya pembeni akazichoma moto.

Wapita njia walisimama kutazama.

"Mama Amin, hapa mtu anaweza kula wali bila sahani," alisema Hajra, jirani yake wa ng'ambo ya njia.

Adija alijifanya hasikii, lakini alisikia sana. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake naye alifundishwa na mama yake. Kwao, mwanamke mwenye shamba la majani ni mvivu, na mume wa mvivu huonewa huruma na watu.

Mume wa Adija, Seleman, alikuwa mtu mpole. Alipenda machungwa na alipenda amani. Kwa miaka miwili sasa alikuwa amevikosa vyote viwili.

Shida ilikuwa maji. Ama yalizidi, ama hayakuwepo kabisa. Shamba lao liko kwenye mteremko. Wakati wa mvua, maji yalipita shambani mbio yakaenda zake bondeni. Kiangazi kilipofika, ardhi iligeuka sakafu na michungwa ikaangusha maua. Mitano mikubwa ilikuwa imekwisha kufa. Mingine michanga ilisubiri zamu yake.

Basi Adija na Seleman wakachimba lambo mwisho wa shamba, kule chini. Waliweka tuta la udongo upande wa bondeni ili likinge maji ya mvua, wayatumie kumwagilia kiangazi. Lilikuwa wazo zuri. Lakini mvua kubwa ya kwanza ikapasua tuta. Wakalijenga upya, nene zaidi. Vuli iliyofuata likapasuka tena, na safari hii halikuondoka peke yake. Liliondoka na bustani ya bamia ya Mwinjuma.

Mwinjuma ni kaka mkubwa wa Seleman. Bustani yake iko bondeni, chini ya lambo, karibu na kisima cha kitongoji. Tope lilizika bamia, likaenda likaingia kisimani.

Kikao kikaitwa barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bwanausi. Mwinjuma alisema kwanza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi sina ugomvi na shemeji yangu," alisema. "Lakini bamia zangu ziko chini ya tope. Kisima chetu kina tope. Wake zetu wanachota maji kama uji wa ulezi. Mara ya kwanza tulisema ni bahati mbaya. Mara ya pili tuseme nini?"

Watu walinung'unika kukubali. Mzee Bwanausi akakohoa.

"Masika inakuja," alisema. "Tunampa Mama Amin msimu huu mmoja. Lambo likipasuka tena, linafukiwa. Kila nyumba italeta jembe."

Adija alisimama. Wanawake wenzake walimvuta khanga akae. Hakukaa.

"Lambo likifukiwa, michungwa yangu inakufa kiangazi," alisema. "Na michungwa ile ndiyo inayotulisha. Nawaambieni mapema, msije mkasema sikusema. Lambo langu halifukiwi. Njooni na majembe yenu. Mtanikuta nimekaa ndani yake."

Seleman akatazama kandambili zake.

Mle kikaoni alikuwemo mwanamke mmoja mgeni, aliyekaa kimya tangu mwanzo. Kikao kilipokwisha, alipanda pikipiki yake akamfuata Adija hadi nyumbani.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Mimi naitwa Zuleha. Ni bibi shamba mpya wa kata."

"Nilikuona barazani," alisema Adija. "Umekuja kunishauri nifukie?"

"Nimekuja kukuuliza. Lambo lako linapasuka kwa nini?"

"Tuta lilikuwa jembamba."

"Na ulipolinenepesha?"

Adija alimimina chai kwanza. "Wazee wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa nimeziba, na ukuta nimejenga. Vyote vimekwenda na maji."

Zuleha alicheka kidogo. "Ulipochimba, ulijuaje kwamba litatosha?"

"Nilitazama shamba langu. Nikaona ni dogo. Nikachimba lambo la kulitosha."

"Basi tukimaliza chai, nionyeshe maji yanakotoka."

Walipanda mteremko wote watatu, Seleman nyuma. Adija alisimama kwenye ua wa minyaa, juu kabisa ya shamba.

"Yanaingilia hapa," alisema.

"Na hapa yanafika yakitoka wapi?"

"Huko juu. Lakini huko si kwangu."

"Wewe unajua kwamba si kwako," alisema Zuleha. "Maji yanajua?"

Wakapenya ua. Juu ya shamba kuna uwanja wa mpira wa vijana wa kitongoji. Ardhi yake ni tupu na imekanyagwa mpaka inang'aa. Zuleha alitoa chupa yake ya maji ya kunywa akamwaga kidogo katikati ya uwanja. Maji yalitambaa kuelekea kwenye minyaa ya Adija. Akaenda akamwaga tena nyuma ya goli la mbali. Hapo maji yalielekea upande wa pili, kwa watu wengine.

"Umeona?" alisema. "Hapa kwenye goli ndipo kwenye mgongo wa ardhi. Kila tone linaloanguka kati ya goli hili na lambo lako, ardhi isipolinywa, linakuja kwako. Eneo lote hili ndilo linalolisha lambo, si shamba lako peke yake."

Adija aligeuka akatazama chini. Lambo lake lilionekana dogo kule bondeni.

"Kwa hiyo miaka yote miwili nimekuwa nikipokea wageni ambao sikuwaalika," alisema.

"Na umewapikia chungu kimoja," alisema Zuleha.

Wakapima kwa miguu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Urefu wa shamba ukatoka mita themanini, na upana wake mita hamsini. Themanini mara hamsini ni elfu nne. Shamba lilikuwa na mita za mraba elfu nne. Upande wa uwanja nao ukatoka karibu sawasawa. Jumla, mita za mraba elfu nane.

"Sasa mvua," alisema Zuleha. "Mvua unaipimaje?"

"Mvua haipimwi," alisema Seleman. "Inanyesha."

"Inapimwa, baba. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, kama lile la maziwa ya unga. Liweke mahali pa wazi, mbali na paa na mbali na mti. Mvua ikikatika, tumbukiza rula mpaka chini uone maji yamefika wapi. Kila milimita moja ndani ya kopo maana yake ni kwamba kila mita ya mraba ya ardhi imepata lita moja ya maji."

"Lita moja tu? Hiyo ni chupa."

"Ni chupa. Sasa zidisha." Zuleha aliokota kijiti akaandika mchangani. "Huku pwani, mvua kubwa ya masika kwa siku moja inaweza kufika milimita hamsini, na pengine ikazidi. Tuchukue hamsini. Kila mita inapata lita hamsini. Mita ziko elfu nane. Hizo ni lita laki nne. Ukizitia kwenye ndoo za lita ishirini, ni ndoo elfu ishirini."

Seleman alichuchumaa akaisoma ile hesabu upya, polepole, kidole juu ya kila tarakimu.

"Si zote zinazotiririka," Zuleha aliendelea. "Nyingine zinanywewa na ardhi. Swali ni sehemu gani inanywewa na sehemu gani inakimbia." Aligonga ardhi ya uwanja kwa kifundo cha kidole. Ikalia ko, ko. Wakarudi shambani, akagonga chini ya mchungwa. Ikalia vilevile. "Kwenye ardhi kama hii nakisia nusu inakimbia. Ndoo elfu kumi. Lambo lako lina urefu wa mita nane, upana mita tano, kina mita moja na nusu. Linabeba ndoo elfu tatu."

Elfu kumi zinakuja. Elfu tatu zinabebeka. Hata mtu aliyekimbia shule anaielewa hesabu hiyo.

"Tuta langu halikuwa na kosa," Adija alisema taratibu.

"Hata ungelijenga kwa saruji, maji yangelipanda kichwani. Lakini hawa wageni wako wa uwanjani tutawafanyia mpango. Tatizo kubwa liko hapa tuliposimama. Shamba lako umelifagia mpaka limekuwa uwanja wa mpira wa pili."

Uso wa Adija ukabadilika.

"Unasema usafi wangu ndio uliovunja lambo?"

"Nasema ardhi iliyo uchi hainywi maji, mama. Matone ya mvua yanaipiga, inaziba, maji yanateleza juu. Ukiyaacha majani yaoze pale chini, yanapokea yale matone, na wadudu wanatoboa udongo. Maji yanapata pa kuingilia."

"Bibi shamba," alisema Adija, "umekunywa chai yangu. Usinitukanie mama yangu."

Zuleha hakukasirika. "Basi usiniamini," alisema. "Pima. Chagua vipande viwili vya ardhi, mita moja kwa mita moja, kwenye mteremko uleule. Vizungushie mabati pande tatu. Kimoja kifagie. Kingine kifunike kwa majani. Chini ya kila kimoja chimbia beseni. Kisha mwagia vyote maji sawasawa kwa keni ya bustani. Tazama mabeseni."

Akawasha pikipiki akaondoka.

Adija hakulala vizuri. Alikuwa na hamu moja tu, kumuumbua yule binti. Asubuhi alimwamuru Seleman akate mabati. Keni akaiazima kwa Mwinjuma, ambaye alimpa bila kumuuliza, maana alikuwa hana bamia za kumwagilia. Kile kipande cha kufagiwa Adija alikifagia kwa mapenzi yote. Kile cha pili akakifunika kwa majani makavu ya michungwa na nyasi, huku akisonya.

Kisha akamwaga. Keni mbili huku, keni mbili kule, juu juu kama mvua.

Beseni la upande uliofagiwa lilianza kupokea maji kabla keni ya kwanza haijakwisha. Yalikuwa mekundu, yenye udongo. Mwishoni yakapita nusu ya beseni. Beseni la upande wa majani lilikaa kavu. Baadaye likapata kikombe kimoja, labda na nusu, cha maji safi ya kujionea uso.

"Umechagua mteremko vibaya," Adija alimwambia mumewe. "Tuhamie kule."

Wakahamia kule. Matokeo yakawa yaleyale. Wakahamia karibu na ua. Yaleyale. Seleman, mtu wa amani, alihamisha mabati. Alikuwa ameoa zamani na anajua wakati wa kusema na wakati wa kushika bati.

Mwisho Adija aliketi chini karibu na lile beseni jekundu. Alitumbukiza vidole akatoa tope. Ule ulikuwa udongo wa shamba lake, ule wa juu, mzuri. Alizikumbuka sifa zote za wapita njia. Alizikumbuka asubuhi zote alizoinama mgongo ukauma. Akaona hasira, lakini haikuwa kwa Zuleha tena.

"Miaka yote hii nimeyafagilia maji njia," alisema. "Nimeyatengenezea barabara ya kwenda kumzika Mwinjuma. Na watu wananisifu."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Seleman.

"Tufanye uchafu," alisema Adija.

Na uchafu ukafanyika. Adija aliacha kufagia na aliacha kuchoma. Alitandaza majani na nyasi kavu chini ya kila mchungwa, akiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze. Katikati ya mistari aliziacha nyasi ziote, akazifyeka fupi bila kuzing'oa. Majani yake yalipopungua, akaenda kuomba ya wengine. Watu waliokuwa wakichoma taka za viwanja vyao walimwona Mama Amin akija na gunia, wakadhani akili imemruka.

Zuleha aliporudi, hakumuuliza habari ya mabeseni. Aliyaona majani, akaanza kutafuta fito. Hiyo nayo ni adabu.

Walifunga fito tatu kwa umbo la herufi A, wakaning'iniza kamba yenye jiwe katikati. Kamba ikisimama kwenye alama waliyoiweka katikati ya fito ya kulala, miguu yote miwili ya zile fito iko usawa mmoja. Hivyo ndivyo walivyotafuta mstari ulio sawa kukatiza mteremko. Kwenye mistari hiyo wakachimba makinga maji matatu, mitaro inayofuata usawa, udongo wake ukawekwa upande wa chini. Maji yakifika hapo hayakimbii. Yanakaa, yanazama polepole kwenye mizizi.

"Tuhesabu upya," alisema Zuleha. Safari hii alimpa kijiti Adija.

Adija aliandika, na herufi zake zilikuwa kubwa. "Uwanja wa mpira bado unaleta ndoo elfu tano. Shamba lilikuwa linaleta elfu tano. Sasa lina majani. Tuseme sehemu moja katika kumi tu inakimbia, ndiyo ndoo elfu moja. Jumla elfu sita. Makinga maji matatu yanabeba karibu elfu mbili. Lambo linabeba elfu tatu." Alisimama. "Inabaki elfu moja."

"Hiyo tunaipa mlango," alisema Zuleha.

Seleman hakupendezwa. "Tumehangaika kuyakusanya maji, halafu tuyafungulie mlango?"

"Baba, na kama lambo limekwisha kujaa, na mvua nyingine ikaja? Na kama kopo likaonyesha themanini? Haya ni makadirio. Mwenyezi Mungu hakutuahidi milimita hamsini. Maji yakikosa mlango yanatoboa ukuta."

Mlango wenyewe ulikuwa mfereji mpana, pembeni mwa tuta, penye ardhi ngumu. Sakafu yake iliachwa chini ya kichwa cha tuta, ili maji yatokee pale kabla ya kulipanda tuta. Walitandika mawe, wakapanda nyasi. Mfereji ukapindishwa kuelekea kwenye matete, mkondo wa zamani wa maji, mbali na kisima na mbali na bustani ya Mwinjuma.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, nyumba zote zilianza usafi wa Idi. Hajra akamtuma mtu ampelekee Adija zawadi. Ilikuwa ufagio mpya wa chelewa, umefungwa vizuri kwa kamba nyekundu. Hakukuwa na haja ya maelezo.

Adija aliuchukua, akafagia uwanja wa nyumba hadi kizingitini, safi kabisa. Hatua moja baada ya uwanja, majani yakaanza.

Siku ya Idi wageni walikuja, wakala pilau, wakatazama upande wa michungwa, wakatazamana.

"Shoga," alisema Hajra, "unaumwa? Kama unaumwa sema, tuje tukusaidie."

"Siumwi."

"Basi tatizo nini? Shamba la mama yako hili. Limekuwa pori."

"Uwanja nimeufagia, umeona," alisema Adija. "Pale si uwanja. Pale ni shamba, na shamba linavaa nguo."

"Haya. Ila maji yakimwagika hayazoleki, Mama Amin. Usije ukasema hatukukwambia."

"Yangu yatazoleka," alisema Adija, akamwongezea pilau.

Wiki moja baada ya Idi, mvua ilianza. Ya kwanza kopo lilionyesha milimita kumi na mbili. Uwanja wa mpira ulitoa vijito, vikaingia kwenye makinga maji, na hapo vikaishia. Lambo halikupata kitu. Watu walisema, umeona, hata maji limeyakosa. Adija alimwaga maji ya kopo akalirudisha mahali pake.

Kisha ikaja ile yenyewe. Ilianza baada ya swala ya adhuhuri, ikanyesha bila kupumzika. Njia ikageuka mto. Mwinjuma hakungoja kuitwa. Alitoka na jembe begani, na wanaume wawili nyuma yake, wakapanda kuelekea kwenye lambo.

Walimkuta Adija amekaa juu ya tuta, khanga imemgandama mwilini. Alikuwa amewaahidi, na yeye si mtu wa ahadi za bure.

"Shemeji, toka hapo," alisema Mwinjuma. "Litakupeleka."

"Likinipeleka mimi, litakupeleka na wewe. Kaa tulitazame."

Lambo lilikuwa linajaa. Maji yalipanda tuta polepole. Mwinjuma alishika jembe kwa mikono miwili. Seleman alikuwa mlangoni mwa maji, anaondoa tawi lililokwama. Adija alikaza macho kwenye maji. Hesabu ni hesabu, lakini michungwa ilikuwa yake na shamba lilikuwa la mama yake. Aliogopa, na alibaki pale.

Maji yakafika kwenye sakafu ya mlango. Yakasita. Yakaanza kutoka, kwanza kama utepe, kisha kwa upana wote wa mfereji. Yalipita juu ya mawe na nyasi bila fujo, yakapinda, yakaingia kwenye matete. Ndani ya lambo maji yaliacha kupanda. Kati yake na kichwa cha tuta kulibaki kiasi cha shubiri.

Walisimama pale mpaka mvua ikapungua. Mwinjuma aligeuka akatazama bondeni. Miche yake mipya ya bamia ilikuwa imesimama. Kisima kilikuwa na mfuniko wake na hakuna tope lililokifikia.

"Mvua hii imeipita ile ya vuli," alisema.

Adija aliliendea kopo, akachovya rula. "Sitini na tatu," alisema.

"Yale maji mengine yamekwenda wapi?"

"Hayakwenda mahali, shemeji. Uko juu yake."

Mwinjuma alitazama miguu yake. Alipiga jembe kwenye majani chini ya mchungwa wa karibu. Lilizama lote, laini, na udongo ukatoka mweusi wenye maji. Aliliweka jembe begani akashuka zake.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Michungwa ya Adija ilishika maua yake. Michanga ilipata maji ya lambo kwa zamu, jioni jioni, na hakuna uliokufa. Katikati ya kiangazi kisima cha kitongoji kilipungua, na Mwinjuma akaja na ile keni yake kuomba maji ya bamia. Adija alimwambia achote asiombe. Seleman alikula chungwa kizingitini, na nyumba ilikuwa na amani.

Hajra naye alikuja siku moja, akazungukazunguka maneno.

"Shoga, majani yako yakizidi, nikumbuke na mimi."

"Majani hayazidi," alisema Adija. "Acha kuyachoma ya kwako." Kisha akampa kopo la kupimia mvua.

Kabla ya vuli, Mzee Bwanausi aliita kikao cha kawaida. Mwishoni aliuliza kama kuna mengineyo. Mtu mmoja wa nyuma, aliyekuwa hayupo tangu masika, alinyoosha mkono.

"Lile agizo letu la kulifukia lambo la Mama Amin limeishia wapi? Au tumeogopa?"

Adija alianza kusimama. Mwinjuma alimwahi. Safari hii alipaza sauti.

"Njooni na majembe yenu," alisema. "Mtanikuta nimekaa ndani yake."